“Ongeza oili” au “jaza oili”?

Kitenzi “jaza” humaanisha kutia kitu mpaka chombo kijae au kifike ukingoni. “Ongeza” humaanisha kutia zaidi juu ya kilichopo. Katika maelekezo ya utunzaji wa gari nyumbani, tofauti hiyo ina uzito. Kijiti cha kupimia oili kina alama mbili, ya chini na ya juu. Oili ikivuka alama ya juu huweza kufanya povu na kushindwa kulainisha injini vyema. Kwa hiyo tangi la petroli hujazwa, lakini oili huongezwa.

Mfano: Gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa, pima oili, ikipungua, ongeza kidogo kidogo, kisha pima tena.

Nomino nazo zahitaji uangalifu. “Mafuta” pekee, katika mazungumzo ya gari, hueleweka kuwa petroli au dizeli. Ya injini ni “oili”. “Mafuta ya breki” yatajwe kwa jina kamili, wala yasiitwe “maji ya breki”: msomaji akitia maji, hayo huchemka breki zikipata joto, nazo huweza kushindwa kushika. Hapo kosa la mfasiri humfikia dereva barabarani.