Miti ya Sokoke Wakati wa Kaskazi

Msafiri atokaye Kilifi kwenda Malindi katika mwezi wa Februari, akifika Matsangoni na kugeuza uso upande wa magharibi, ataona mwitu wa Arabuko-Sokoke umesimama kama nyumba iliyohamwa. Kaskazi imevuma tangu Desemba, mabua ya mahindi yamekauka, na miti mingi imebaki matawi matupu. Mwenye haraka husema, "Imekufa." Mimi nami nilikuwa mwenye haraka, na neno hilo lilinigharimu mti.

Ilikuwa mwaka 2017, baada ya vuli kutukosa. Nilikuja nyumbani kwa likizo nikaikuta mibambakofi miwili ya shambani petu imepukutika yote. Nikamwita mtu mwenye shoka, nipate kuni pamoja na nafasi ya kupanda mihogo. Wa kwanza ulipoanguka, baba mdogo alikuja akaweka kiganja juu ya kisiki. Kilikuwa na majimaji. Hakunigombeza. Aliuendea wa pili, akakwaruza gome lake kwa ncha ya kisu, akaniita: "Njoo utazame, mwanangu. Maiti ana damu?" Chini ya gome palikuwa na rangi ya kijani kibichi. Mwanzoni mwa Aprili, kabla hata tone moja la mvua halijaanguka, mti ule ulichipua.

Tangu siku hiyo nimejitahidi kulichungua jambo hili. Kila jani lina vitundu vidogo mno ambavyo kwavyo hupitisha hewa, na kwavyo maji hutoka kama mvuke. Maji hayo huvutwa tangu mizizini kama uzi mmoja ndani ya mbao. Udongo ukikauka na jua likizidi kuvuta, uzi hukatika, hewa huingia, na tawi hufa. Basi mti hufunga vitundu. Isipotosha, huyatupa majani yenyewe. Majani yakiisha kuanguka, mizizi ya chini sana huendelea kunywa kidogo kidogo, na shina hujaa tena. Hiyo ndiyo akiba inayochipusha majani mapya kabla ya mvua. Mbuyu nao hufanya vivyo hivyo: maji ya tumbo lake kubwa huwekewa hasa majani ya msimu ujao.

Lakini si miti yote ya mwitu ule hufuata njia moja, ijapokuwa ni majirani. Mwitu wenyewe ni kiasi cha kilomita za mraba 420, ulitangazwa kuwa hifadhi ya Serikali mwaka 1943, na mvua yake haigawanyiki sawa. Upande wetu wa mashariki hupata zaidi ya milimita 1000 kwa mwaka. Kaskazini-magharibi hupata kama 600 tu. Katikati, penye mchanga mweupe, ndipo penye mirihi. Mchanga ule ni maskini na haushiki maji, lakini mrihi una rafiki: nyuzi za uyoga hushikamana na mizizi yake, zikauletea maji na chakula kutoka mahali ambapo mizizi haifiki, nao mti huzilipa kwa sukari. Majani yake machanga ni mekundu kama shaba. Mgeni huweza kudhani mwitu umeshika moto.

Ukienda mbele hata kwenye udongo mwekundu, utakuta mifunda na mihuhu. Hii haipukutiki kama mibambakofi. Huvumilia na majani yake. Geuza jani la muhuhu utaona upande wa chini una weupe wa manyoya mafupi, yanayozuia upepo usiyanyang'anye maji yanayotoka vitunduni. Malipo ya uvumilivu huo ni kukua polepole mno. Wachonga vinyago wanaupenda muhuhu kwa ugumu wake, na mtu huukata kwa asubuhi moja mti ulioanza kukua kabla babu yake hajazaliwa.

Nilipohamishiwa kazi Wundanyi nilistaajabu kuona miti ya milima ya Taita ikiwa mibichi wakati kwetu kumekauka. Huko upepo wa bahari hupanda mlima ukawa ukungu, ukungu hunasa katika majani na kuvumwani, kisha hudondoka chini usiku kucha bila mvua kunyesha. Lakini msitu ukifyekwa, ukungu hupita juu ya mawe, na matone yale hayapatikani tena. Hata mti wa mlimani, basi, hauishi kwa mvua peke yake.

Nami nimejaribu kulipa deni langu. Mbegu za mbambakofi ni nyeusi, zenye kikofia chekundu. Niliziloweka usiku mmoja, nikazipanda kumi na moja mwanzo wa masika. Kaskazi ya kwanza ilipofika nilivunjika moyo, kwa kuwa miche haikupita kimo cha shibiri. Mmoja uliharibiwa na mbuzi wa jirani, nikauchimba ili niutupe. Nilichimba hata nikachoka. Shina lilikuwa shibiri moja, na mzizi wake ulikuwa mrefu kuliko mkono wangu.

Mitano ingali hai.