Jongoo, Malema na Kontena: Tafiti za Mombasa Bara

Wengi wanaoingia Haller Park pale Bamburi huja na kisa cha Owen na Mzee: kiboko yatima aliyeokolewa upande wa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa Bamburi, akamganda kobe mkongwe asimwachie. Kisa kitamu, na kimeuza vitabu vya watoto duniani kote. Lakini mnyama aliyestahili sifa zaidi katika bustani ile ni jongoo.

Mwaka 1971 mahali pale palikuwa shimo la machimbo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza kazi mwaka 1954, kilikuwa kimechimba mawe ya matumbawe hadi kukaribia maji ya chumvi, kikaacha uwanda mweupe usioota hata magugu. René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyeajiriwa na kiwanda hicho, akaanza kupanda miti ya aina mbalimbali kuona ipi itastahimili. Mingi ilikufa. Mvinje ukashika. Mizizi ya mvinje huishi na vijidudu vinavyoupatia naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo mti ule haukungoja udongo wenye rutuba. Ila ulikuja na taabu yake: majani yake membamba kama sindano yalianguka, yakarundikana, na hayakuoza. Siku moja Haller akamwona jongoo mwenye miguu myekundu akiyatafuna. Wakaletwa wengine kwa wingi, wakala, wakanya, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo ambao leo unabeba msitu. Mwaka 1987 Haller aliingizwa katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya watu waliotukuka kwa kulinda mazingira.

Kazi ile ilikuwa utafiti, ingawa ilifanyika juani na mlipaji alikuwa mfanyabiashara wa saruji. Mwananchi wa kawaida wa Kisauni, Likoni au Changamwe akisikia neno utafiti humkumbuka yule kijana mwenye hojaji anayebisha hodi: mama, mko wangapi humu ndani, maji mnateka wapi, mtoto amekosa shule mara ngapi? Hojaji ni njia moja tu. Wapo wanaohesabu samaki, wanaopima damu, wanaochimba ardhi, wanaopekua vitabu vya hesabu vya makampuni. Wanachoshirikiana ni kitu kimoja ambacho msomaji anaweza kukishika bila shahada yoyote: kila mmoja lazima apate cha kulinganisha nacho. Haller alilinganisha mti na mti. Wengine kazi yao ni ngumu zaidi.

Tuanze na bahari, maana imevuta wataalamu wengi upande wa kaskazini. Taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, iliyoundwa mwaka 1979, ina makao yake makuu Mkomani, na meli yake ya utafiti, Mtafiti, ilitolewa na Ubelgiji. Bamburi, karibu na Kenyatta Beach, kuna shirika la CORDIO, lililozaliwa baada ya joto la bahari la mwaka 1998 kuua matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi. Mwanzilishi wake, David Obura, alichaguliwa mwaka 2023 kuongoza jopo la kimataifa la wanasayansi wa bioanuwai, IPBES.

Hata hivyo, utafiti uliowagusa wavuvi moja kwa moja ulitumia chombo cha babu zao. Lema ni mtego uliosukwa, wenye mdomo unaomruhusu samaki kuingia na kumtatiza kutoka. Mvuvi hulitia chambo, akalizamisha kwenye nyasi za bahari au pembeni mwa matumbawe, akalirudia baadaye. Hifadhi ya bahari ya Mombasa ilipotangazwa mwaka 1986, na askari walipoanza kuilinda kwa dhati, wavuvi walilalamika kwamba wamenyang'anywa maeneo yao. Watetezi wa hifadhi wakajibu kwamba samaki wakizaana ndani watamwagikia nje. Maneno matupu hayakuweza kumaliza mzozo ule. Tim McClanahan, mtafiti wa matumbawe aliyefanya kazi miaka mingi katika pwani hii, na mwenzake Stephen Mangi wakapima mavuno ya malema kuanzia kwenye mpaka wa hifadhi na kwenda mbali nao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba lema la jirani na mpaka lilipata zaidi, na kadiri lilivyosogezwa mbali ndivyo mavuno yalivyopungua. Tafi walikuwa miongoni mwa waliovuka. Hii haimaanishi kwamba kila mvuvi aliyefukuzwa alifidiwa. Aliyenufaika hasa ni yule mwenye lema karibu na mpaka. Lakini hoja ilitoka mdomoni ikaingia kwenye vipimo.

Upande wa Likoni kuna mfano wa aina nyingine kabisa. Mtongwe inajulikana kwa kambi ya wanamaji. Miaka ya 1980 wataalamu wa akiolojia kutoka Japani, wakiongozwa na Hideo Omi, walichimba pale na kupata zana za mawe za watu walioishi ufuoni humo muda mrefu sana kabla ya jiji lolote. Mwanaakiolojia hana wa kumuuliza, wala hawezi kurudia jaribio. Analinganisha tabaka la chini na la juu, jiwe lililochongwa na lililovunjika lenyewe.

Elimu nayo ina ugumu wake, kwa sababu mtoto si mti. Mwaka 1986, Mombasa, Taasisi ya Aga Khan ilianzisha mpango wa shule za awali katika madrasa, na aliyeusukuma ni mwalimu wa hapa hapa, Bi Swafiya Said. Jamii za Kiislamu zilitaka watoto wao waingie darasa la kwanza wakiwa tayari, bila kuipoteza dini. Vifaa vya kuchezea vikatengenezwa kwa vitu vya kwao, na walimu wakawa akina mama wa mitaa. Mpango ukaenea Zanzibar na Uganda. Je, ulifaa? Ukiwalinganisha watoto wa madrasa na waliobaki nyumbani, mtu atakuambia kwa haki kwamba mzazi anayempeleka mtoto shule ya awali tayari ni mzazi wa namna nyingine. Kwa hiyo Peter Mwaura na wenzake wawili walichukua makundi matatu: watoto wa shule za mpango ule, watoto wa shule nyingine za awali, na waliobaki nyumbani. Waliwapima mwanzoni, wakawapima tena baadaye, wakatazama nani amepanda kiasi gani. Ripoti yao ya mwaka 2008 ilionyesha kwamba waliopata shule ya awali yoyote waliwapita wa nyumbani, na wale wa mpango wa madrasa walipanda zaidi ya wote.

Biashara ndiko mlinganisho unakopwaya. Reli ya SGR, inayoanzia Miritini, ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Serikali ilipoanza kusukuma kontena zipande treni kwenda Nairobi, wenye malori, mawakala wa forodha na wenye bohari wa Changamwe walianza kulia. Mwaka 2019 Skuli ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilitoa ripoti iliyofanywa kwa ajili ya Kaunti ya Mombasa. Ilikadiria hasara ya shilingi bilioni 17.4 na kazi 2,987 zilizopotea. Takwimu hizo ziliingia kwenye maandamano ya kila Jumatatu ya mwaka ule na kwenye midomo ya wanasiasa.

Tatizo ni kwamba hakuna Mombasa ya pili isiyo na treni ya kuwekwa kando ya hii. Mtafiti wa uchumi analazimika kulinganisha jana na leo, na mwaka 2017 ulikuwa pia mwaka wa uchaguzi uliopigwa mara mbili, biashara ikayumba nchi nzima. Isitoshe, mwamba ngoma ngozi huivuta kwake: kaunti ilikuwa na haja yake, kama serikali kuu iliyojenga reli ilivyokuwa na yake. Ripoti ile haikuwa ya uongo kwa sababu hiyo. Yeyote aliyesimama Changamwe aliona bohari zikifungwa. Ila tarakimu yake ina uzito mdogo kuliko ile ya malema, na msomaji ana haki ya kujua hivyo. Septemba 2022 Rais William Ruto aliamuru shughuli za forodha zilizokuwa zimehamia Nairobi zirejeshwe Mombasa.

Turudi kwenye mazingira. Mikindani, magharibi mwa kisiwa, majitaka ya mtaa yamekuwa yakiteremka kwenye mikoko kwa miaka mingi, na wanasayansi wameichunguza mikoko hiyo kuona inachuja kiasi gani kabla haijalemewa. Picha za setilaiti ziliposomwa kwa kulinganisha mwaka 1992 na 2009, Hori ya Tudor, ambako mikoko hiyo imo, ilikutwa imepoteza karibu asilimia 87 ya mikoko yake.

Karibu na hapo ni Owino Uhuru, ambako utafiti uligusa damu. Kuanzia mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitoa moshi na majitaka yenye madini ya risasi katikati ya nyumba za mabati. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo na ambaye mwanawe aliugua, aliongoza mapambano yaliyomletea Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Kiwanda kilikuwa kimefungwa mwaka mmoja kabla. Kusema watoto wanaumwa hakukutosha, maana watoto wa mitaa ya mabati huumwa kwa sababu nyingi. Watafiti wakachukua damu za watoto wa chini ya miaka mitano wa Owino Uhuru, na za wenzao wa Bangladesh, mtaa duni kama huo upande ule ule wa bara lakini usio na kiwanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta wastani wa maikrogramu 7.4 za risasi kwa desilita ya damu Owino Uhuru, dhidi ya 3.7 Bangladesh. Umaskini ulikuwa sawa. Risasi ilikuwa maradufu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama kwa mtoto.

Wakazi walikwenda mahakamani, na kesi yao ikaendelea kupanda ngazi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa, iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Ni tafiti chache zinazofika mbali hivyo. Nyingi ni tasnifu za wanafunzi wa uzamili: nidhamu katika shule za sekondari za Likoni, mikopo ya wafanyabiashara wadogo wa Kisauni, usalama wa wafanyakazi wa viwandani Changamwe. Waliojibu maswali ya wanafunzi hao mara nyingi hawaoni ukurasa hata mmoja. Kisheria, mtafiti anapaswa kuwa na leseni ya tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, na mhojiwa ana haki ya kuomba aioneshwe, ya kukataa kujibu, na ya kuuliza matokeo yatapelekwa wapi. Tasnifu za Chuo Kikuu cha Nairobi zimewekwa kwenye hifadhi ya chuo mtandaoni, bure. Ukiandika jina la mtaa wako kwenye kisanduku cha kutafutia, zinajipanga zenyewe.