Je, Wajua? Nyongeza na Makato ya Elfi, Orki na Mbilikimo

Wazee wametuachia methali mbili zisizopikika chungu kimoja. Moja yasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Nyingine yasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ubishi huohuo umeishi miaka 50 ndani ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji hubeba mhusika wake wa ngano, msimulizi huwatungia safari, na dadu huamua nani afaulu na nani akwame. Humo ubishi umeandikwa kwa tarakimu: ongeza moja hapa, kata mbili pale, kulingana na mbari ya mhusika, yaani aina ya kiumbe alichozaliwa, kama binadamu au viumbe wa ngano elfi, orki na mbilikimo. Tarakimu hizo ni ndogo, lakini historia yake inafaa kujulikana.

Je, wajua kwamba mwanzoni hapakuwa na nyongeza wala makato?
Mchezo huu wa Gary Gygax na Dave Arneson ulitoka mwaka 1974 huko Lake Geneva, Wisconsin, Marekani, kwa nakala 1,000 za kwanza. Kila mhusika alikuwa na sifa sita: nguvu, akili, busara, siha, wepesi na haiba. Kila sifa ilipatikana kwa kurusha dadu tatu na kujumlisha, hivyo alama zilianzia 3 hadi 18. Elfi, mbilikimo na binadamu walirusha dadu zilezile. Walichotofautiana ni dari ya kupanda: mbilikimo mpiganaji aliishia daraja la 6, hobiti daraja la 4, naye binadamu hakuwekewa mwisho.

Je, wajua kwamba hobiti alilazimika kubadili jina?
Hobiti ni kiumbe cha mwandishi Mwingereza J. R. R. Tolkien. Wenye haki za kazi zake walipotoa onyo la kisheria, wachapishaji wa mchezo walilifuta jina hilo na kumwita halflingi. Umbo likabaki lilelile: mtu mfupi, mwepesi, mpenda starehe za nyumbani.

Je, wajua kwamba mwaka 1978 mbari zilianza kupewa kitu kama hati ya mshahara?
Kitabu cha wachezaji cha mwaka huo kilipanga nyongeza na makato waziwazi. Elfi aliongezwa 1 ya wepesi, akakatwa 1 ya siha. Halflingi aliongezwa 1 ya wepesi, akakatwa 1 ya nguvu. Chotara wa binadamu na orki alipata 1 ya nguvu na 1 ya siha, kisha akakatwa 2 za haiba. Binadamu hakupewa kitu wala hakunyang'anywa kitu. Yeye ndiye aliyekuwa kipimo cha wengine wote.

Je, wajua kwamba alama moja tu inaweza kuzidisha bahati mara nne?
Dadu tatu zina namna 216 za kuanguka, na namna moja tu ndiyo inayotoa 18. Kwa hiyo binadamu anayetaka wepesi wa 18 ana nafasi 1 kati ya 216. Elfi anaongezwa 1, hivyo anafika 18 hata akirusha 17, na 17 ina namna tatu za kutokea. Jumla ni namna 4 kati ya 216, yaani 1 kati ya 54. Katikati, ambako alama za 10 na 11 hutokea mara nyingi zaidi, nyongeza hiyo haionekani sana. Kileleni ndiko inakoamua nani awe bingwa.

Je, wajua kwamba makato ya mbilikimo yaliishia mlangoni kwake?
Katika kitabu hicho cha 1978, mbilikimo alikatwa alama 1 ya haiba, lakini si mbele ya mbilikimo wenzake. Kwao haiba yake ilibaki kamili. Mcheza kwao hutunzwa! Ndani ya kanuni hiyo fupi mlikuwa na ukweli mzito: upungufu uliodaiwa kuwa wa kuzaliwa ulikuwa kwenye macho ya mgeni anayemtazama.

Je, wajua kwamba hata jinsia iliwahi kukatwa?
Kitabu hichohicho kiliwawekea wahusika wa kike kikomo cha nguvu kilicho chini ya kile cha wanaume. Chapa ya pili ya mwaka 1989 iliondoa kikomo hicho, na hakijarudi tena.

Je, wajua kwamba kuna wakati elfi ilikuwa kazi?
Katika toleo rahisi la 1981, binadamu ndiye aliyechagua awe mpiganaji, mchawi, kasisi au mwizi. Elfi alikuwa elfi tu: mpiganaji na mchawi kwa pamoja, hana njia nyingine. Mbilikimo vilevile na halflingi vilevile. Ukizaliwa mbilikimo, kazi yako imeshaandikwa. Hapo methali ya nyoka ilitawala bila mpinzani.

Je, wajua hesabu inayotumika hadi leo?
Chapa ya tatu ya mwaka 2000 ilileta kanuni nyepesi: chukua alama ya sifa, toa 10, gawanya kwa 2, na sehemu inayobaki iteremshwe. Mwenye nguvu 14 anapata nyongeza ya 2 kila anaporusha dadu kwa jambo la nguvu. Mwenye 15 anapata 2 vilevile, maana alama ya witiri haina faida mpaka ifikie ya shufwa. Kwenye dadu ya pande 20, kila nyongeza ya 1 ni sawa na asilimia 5 ya nafasi ya kufaulu.

Je, wajua nani alilipa kodi kubwa kuliko wote?
Katika chapa hiyo ya 2000, chotara wa orki aliongezwa 2 za nguvu, kisha akakatwa 2 za akili na 2 za haiba. Alipokea mbili akatozwa nne. Mchezaji aliyetaka chotara wake awe mchawi msomi alianza safari akiwa ameshaachwa nyuma, kwa sababu ya damu tu.

Je, wajua kwamba binadamu ndiye kiraka wa mchezo?
Mwaka 2014 binadamu wa kawaida aliongezwa 1 katika kila sifa, zote sita. Kama mchezaji kiraka wa kandanda, unaweza kumpanga popote. Elfi alipata 2 za wepesi, na mbilikimo 2 za siha.

Je, wajua kwamba makato yalifutwa, yakarudi, yakafutwa tena?
Chapa ya nne ya 2008 iliacha nyongeza peke yake. Mwaka 2016 kitabu kingine kikamrudishia orki makato ya 2 za akili, na mwaka 2020 masahihisho rasmi yakayaondoa. Mwaka huohuo wachapishaji, Wizards of the Coast, walikiri kwamba namna orki walivyokuwa wakielezwa ilifanana kwa uchungu na maneno yanayotumika kudhalilisha jamii za watu halisi. Kabla mwaka haujaisha, kitabu kipya kiliwaruhusu wachezaji kuhamisha nyongeza za mbari kwenda sifa yoyote.

Je, wajua kwamba sasa nyongeza zinatokana na maisha aliyoishi mhusika?
Kitabu cha wachezaji cha mwaka 2024 kimeacha neno mbari na kutumia spishi, na nyongeza zimehamia kwenye historia ya mhusika. Aliyekuwa mkulima anaongeza alama katika nguvu, siha au busara. Baharia anaongeza katika nguvu, wepesi au busara. Mwanachuoni anaongeza katika siha, akili au busara. Alama ni tatu kwa kila mmoja, awe orki au elfi. Orki aliyekulia maktabani sasa anaanza na akili ya mtu wa maktaba.

Umbile halikufutwa. Mbilikimo bado anahimili sumu, na elfi bado anaona gizani. Kilichoondoka ni dhana kwamba akili, busara na haiba hugawiwa kwa ukoo. Kuwa na maumbile tofauti hakumpi mtu thamani tofauti, na waandishi wa mchezo huu walihitaji miaka 50 kuliandika hilo kwa tarakimu.

Kwa hiyo, msomaji, siku utakapoketi mezani na karatasi tupu ya mhusika mbele yako, kabla ya kuuliza amezaliwa na nani, uliza amelelewa wapi na amefanya kazi gani. Hayo ndiyo yatakayompa alama zake.