Umeme Ukikatika Katikati ya Mninga

Kitufe cha kusitisha kwenye mashine ndogo ya CNC, ile inayochonga mbao kwa amri za kompyuta, huaminiwa kupita kiasi. Ukikibonyeza, GRBL, programu iliyomo ndani ya nyingi za mashine hizi, hupunguza mwendo mpaka kichwa kisimame bila kupoteza hesabu. Lakini biti kwa kawaida haisimami. Inaendelea kuzunguka papo hapo, na mninga mkavu hauchelewi kuungua. Sitisha ili upulize vumbi au ukaze bano. Usisitishe ukaenda kulala.

Umeme ukikatika ni shauri jingine. Mota za mashine hizi hazijui zilipo: hutumiwa hatua zikazitii, na hesabu hukaa kwenye kumbukumbu inayofutika. Utasema hukugusa kitu. Hata hivyo, mota ya hatua 200 kwa mzunguko, ikirudishiwa umeme, hujivuta hadi mkao wa sumaku ulio karibu, pengine hatua mbili kando. Kwa skrubu inayosogeza milimita 8 kwa mzunguko, hiyo ni milimita 0.08. Kibao cha duka hakitakushtaki. Nakshi ya kupachika itakushtaki.

Kisha, uanzie mstari gani wa faili? Kompyuta hutuma mistari kabla haijakatwa, kwa hiyo namba iliyo kwenye skrini imeitangulia biti. Rudi nyuma mistari ya kutosha. Kukata hewa hakuna hasara. Tena usianzie katikati kavukavu. Mwanzoni mwa faili ndiko kuliko na amri za matayarisho: G21 ya milimita, G54 ya sifuri ya kazi, kasi, na M3 ya kuwasha biti. Yanakili yote, na Z ipande kabla X na Y hazijasogea.

Mimi huona nafuu kuigawa kazi mapema: faili moja kwa kila biti, na paneli kubwa kwa maeneo, mpaka ukipita kwenye mfereji wa nakshi, mshono usikoonekana. Mkato wa nje uwe wa mwisho, kwani kipande kikishaachia ubao hakirudi kilipokuwa.

Sifuri ya G54 hubaki hata umeme ukizimwa, ile ya muda ya G92 hupotea. Ila G54 ina maana tu kwa mwenye swichi za kikomo, anayeirudisha mashine nyumbani kwa amri ya $H. Asiye nazo atoboe kitundu kwenye ubao wa chini, nje ya kazi, kwa biti yenye ncha kali, aandike umbali wake kutoka kwenye sifuri. Z ipimwe upya kila biti inapobadilishwa.