Mjeledi wa Kwanza: Namna ya Kuununua kwa Bei Ndogo Bila Kutupa Fedha

Msomaji akiliona neno mjeledi juu ya makala hii huenda akakunja uso, wala hatumlaumu. Katika Kenya watu wengi walilijua neno hilo kwa migongo yao kabla hawajalijua kwa macho. Kiboko, kilichopewa jina la mnyama mwenye ngozi hiyo, kilikuwa chombo cha adhabu, na adhabu ya kuchapwa haikuondolewa mashuleni ila mwaka 2001, na katika hukumu za mahakama ila mwaka 2003. Lakini kiboko ni kipande kimoja kigumu cha ngozi, nacho ni cha kupigia tu. Mjeledi tunaotaka kuueleza hapa ni kitu kingine. Ni mrefu, umesukwa, ni mnene penye mpini na mwembamba penye ncha, na kazi yake ni kulia hewani.

Wachungaji wa Marekani waliutumia kuyaongoza makundi ya ng'ombe na kuyatoa vichakani. Wale wa Australia wanao wa namna yao, wenye mpini mrefu ulioungwa kwa vitanzi vya ngozi. Huko Afrika Kusini waendeshaji wa magari ya maksai walifunga ukanda mrefu kwenye ufito wa mwanzi. Na kwetu, Ukambani na Nyanza, mkulima mwenye plau ya kukokotwa na maksai anajua vema kwamba mlio mmoja juu ya migongo yao hufanya kazi kuliko mapigo kumi. Tena siku hizi wako watu, hata makarani wasio na ng'ombe, wanaoununua kwa mchezo: kuzima mshumaa kwa mbali, kukata kipande cha karatasi, au kunyoosha viungo baada ya kukaa kitini mchana kutwa. Kwa ajili ya hao wote, hasa yule anayenunua kwa mara ya kwanza na mfuko wake si mzito, naandika haya.

Kwanza tuulize mlio ule unatoka wapi. Wengi hudhani mjeledi hulia kwa kujipiga wenyewe. Sivyo. Mkono unapourusha, pindi hufanyika karibu na mpini na kukimbia kuelekea kwenye ncha. Na kwa kuwa mjeledi unazidi kuwa mwembamba, nguvu ile ile ya mkono husukuma kitu chepesi zaidi na zaidi, mwendo ukaongezeka hata ukapita mwendo wa sauti, ambao ni kama mita 340 kwa sekunde. Hapo ndipo mlio unapotokea. Wataalamu wa Marekani walieleza jambo hili mwaka 1958 katika jarida la elimu ya sauti, na mwaka 2002 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Arizona, Alain Goriely na Tyler McMillen, walionyesha kwa hesabu kwamba mlio hutoka kwenye pindi lenyewe. Sisemi haya ili nionekane msomi. Siri ya kununua imo humo: mjeledi usiopungua unene sawasawa toka mpini hata ncha hauwezi kulia vizuri, hata ukipakwa rangi gani.

Mimi nilijifunza jambo hili kwa hasara. Nilikuwa karani mjini, na nilikuwa nimeiona ile sinema ya mwaka 1981 ambamo Harrison Ford, kwa jina la Indiana Jones, anauzungusha mjeledi kana kwamba ni mkono wake wa tatu. Mijeledi ile ilisukwa na fundi hodari wa Marekani, David Morgan, lakini mimi sikulijua hilo. Nilipita katika duka moja liuzalo vitu vya kuwapendeza wageni, nikauona mjeledi mweusi wenye mistari myekundu, urefu wake futi 10, unang'aa kama kiatu cha bwana arusi. Mwenye duka aliniambia kwamba ni ngozi tupu. Nikalipa, nikaufunga katika gazeti, nikaenda nao nyumbani Machakos kwa likizo.

Siku ya kwanza haukulia. Siku ya pili ulinizunguka ukanipiga nyuma ya sikio. Siku ya tatu nilikasirika, nikaurusha kwa nguvu zangu zote, wala sikuangalia nyuma. Mpwa wangu, mtoto wa miaka sita, alikuwa amekuja kutazama. Ncha ilimpata juu ya nyusi, upana wa vidole viwili tu kutoka kwenye jicho. Dada yangu hakunena neno. Alimchukua mtoto akamwosha damu, nami nikabaki nimesimama uani na mjeledi mkononi kama mtu aliyeshika nyoka asijue pa kumtupa.

Jioni alikuja jirani yetu, mzee aliyelima kwa maksai tangu ujana wake, kutupa pole. Baada ya kumtazama mtoto aliuomba ule mjeledi. Hakuurusha. Aliupitisha polepole katikati ya kidole gumba na cha shahada, kama apapasaye uti wa mgongo wa ng'ombe mnadani.

"Mwanangu, hapa pana shimo," akasema. "Na hapa pana uvimbe. Hapa karibu na mpini umekatika mfupa. Ulinunua kiasi gani?"

Nilipomtajia bei alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hii ni kamba ya ndama iliyovishwa nguo ya arusi."

Akaniomba ruhusa akaupasua kwa kisu. Ndani mlikuwa na vitambaa vichakavu na vipande vya gazeti vilivyokunjwa. Ngozi ilikuwa ganda la juu tu, na kanda zake zote zilikuwa za upana mmoja tangu mwanzo hata mwisho.

Basi hilo ndilo jaribio la kwanza, nalo halina gharama. Kabla ya kulipa, upapase mjeledi wote kwa vidole. Unene upungue pole kwa pole, bila shimo, bila uvimbe, bila mahali palipo laini ghafula kama tumbo la samaki. Uinue kwa mpini uuache uning'inie: ufanye mkunjo mmoja mzuri, usivunjike pembe pale ukanda unapoanzia. Tikisa mpini, ikiwa chuma au mti wa ndani unacheza, urudishe. Usidanganywe na hesabu ya kanda. Muuzaji atakuambia kwamba huu umesukwa kwa kanda 4, ule 8, na huo 16, kana kwamba wingi ndio ubora. Mjeledi wa kanda 4 zilizochongwa vizuri, wenye kiini kizuri ndani, unaushinda wa kanda 16 zilizofunika magazeti.

Sasa habari ya vitu vinavyotumika. Mafundi wengi huisifu ngozi ya kangaruu kuliko zote, kwa kuwa ni nyembamba na ina nguvu nyingi, lakini mjeledi wake mzuri huuzwa kwa mamia ya dola za Marekani, na huo si wa mwanafunzi. Ngozi ya ng'ombe ni rahisi zaidi, ila katika bei ya chini ndimo udanganyifu ulimojaa. Kwa mtu anayeanza na hana fedha nyingi, shauri langu ni moja: anunue wa nailoni, uliosukwa kwa kamba zile za miavuli ya kurukia kutoka ndege. Fundi mwangalifu hutia ndani mnyororo wa vishanga vya chuma, au vipande vya risasi, ili uwe na uzito unaotakiwa. Bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya ule wa kangaruu. Mvua haiuozeshi, panya hawautamani, wala hauhitaji kupakwa mafuta kama ngozi. Wako wazee wa mchezo huu wanaoudharau kwa kuwa si ngozi. Waache. Mwanafunzi ataukokota mjeledi wake juu ya changarawe na kuukanyaga kwa viatu, na ni heri afanye hivyo kwa kitu kisicho cha thamani kubwa.

Urefu nao ni jambo linalowakosesha wengi, kama lilivyonikosesha mimi. Futi 6 zatosha kwa anayeanza. Ulio mrefu zaidi ni mzito na huchosha bega. Ulio mfupi sana hurudi upesi mno, na usoni pako ndipo unaporudia. Tena ujue kwamba mafundi wengi hupima toka mwisho wa mpini hata mwisho wa msuko tu. Baada ya msuko hufuata ukanda mmoja usiosukwa, wa futi mbili hata tatu, na baada yake kishada cha uzi cha inchi chache. Kwa hiyo mjeledi ulioandikwa futi 6 hufika karibu 9 ukinyooshwa. Mtu asiyejua hili hupima uwanja wake vibaya.

Kile kishada cha mwisho, ingawa ni uzi tu, usikidharau. Ndicho kinachopita mwendo wa sauti, na ndicho kinacholiwa kwanza. Kimewekwa pale ili kife badala ya ukanda, na ukanda nao ufe badala ya msuko. Uliza dukani kama ukanda huo waweza kufunguliwa na kufungwa mwingine. Ikiwa umeshonewa moja kwa moja, usinunue, maana siku utakapokatika mjeledi wote umekwisha. Vishada utavitengeneza mwenyewe kwa uzi wa nailoni, au hata wa katani, ukiusokota na kuukunja mara mbili na kupiga fundo. Mimi hukaa na kumi mfukoni.

Na katika hesabu ya bei, mnunuzi asisahau miwani. Namaanisha miwani ya kukinga macho, kama ya mafundi wa vyuma. Ikiwa fedha zako zatosha mjeledi peke yake bila miwani, ngoja mwezi mwingine. Vaa kofia ya ukingo mpana, shati la mikono mirefu na viatu vya kufunika miguu, na ukizoea kuulisha mara nyingi ziba masikio, kwa kuwa mlio ule unadhuru. Tafuta uwanja ulio wazi pande zote, mbele, nyuma na juu, kwa urefu wa mjeledi mara mbili, na watoto wawe mbali kabisa. Anza kwa kuunyoosha nyuma yako chini, kisha uinue mkono juu na kuushusha mbele kama atupaye ndoana ya samaki. Usitumie nguvu. Ukiona unatumia nguvu, umekosea wakati wa kugeuza mkono. Pumzika, uanze tena.

Kwa mwenye maksai natia neno moja. Mlio uwe hewani, juu au kando, wala usiguse ngozi. Ncha iendayo kwa mwendo huo hupasua mwili, na ngozi yenye makovu hupungua bei kwa mnunuzi wa ngozi. Tena kumpiga mnyama kwa ukatili ni kosa katika sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360. Maksai waliozoezwa vizuri huitika kwa sauti ya mtu, na mjeledi huwakumbusha tu. Yule mzee jirani yetu alikuwa akiulisha wake mara moja mwanzoni mwa mfuo, basi, hata ng'ombe wakageuka tena mwisho wa shamba.

Miezi mitano baada ya mkasa ule nilinunua wa nailoni, futi 6, rangi ya majani makavu, usio na uzuri wowote wa kutazama. Ulilia siku ya pili. Mpwa wangu alikuwa dirishani, ndani ya nyumba, kama mama yake alivyoamuru, naye alipiga makofi. Ule mweusi wenye mistari myekundu hatukuutupa wote, kwa kuwa chuma cha ndani ya mpini wake kilikuwa kizuri. Dada yangu alikipigilia ardhini nyuma ya zizi, na ndama hufungwa hapo hata leo.