Je, Wajua? Ndoa, Msongo wa Mawazo na Namba Zake

Je, wajua kwamba mume na mke wanavyosaidiana wakati wa msongo wa mawazo hupimwa kwa alama, kama mtihani? Profesa Guy Bodenmann wa Uswisi alitunga dodoso la vipengele 37. Kila kimoja unakijibu kwa namba: 1 ni mara chache sana, 5 ni mara nyingi sana.

Wala usidhani utaulizwa tu unavyomsaidia mwenzio! Utaulizwa pia yeye anavyokusaidia, na nyote wawili mnavyopambana pamoja. Humo ndani wametajwa hata wanaokandana mwili na kusikiliza muziki pamoja. Na lawama? Zimo. Mwenzio kaelemewa, wewe unamsema kwamba hajikazi: hapo alama zinashuka.

Sasa sikia hii. Mwaka 2015 watafiti walijumlisha tafiti zenye watu 17,856, wengi wao wa Ulaya Magharibi na Amerika Kaskazini. Wanaosaidiana waliridhika zaidi na uhusiano wao, awe mwanamume au mwanamke, wa taifa lolote. Mwaka uliofuata wakaja wanandoa 7,973 kutoka mataifa 35, na mambo yakageuka! Nguvu ya kusaidiana ilitofautiana nchi hadi nchi: kwingine iliwagusa zaidi wanaume, kwingine wanawake.

Je, wajua kwamba mikono inaweza kuyashinda maneno? Huko Zurich, wanawake 67 walitakiwa kuhutubia mbele ya watu na kupiga hesabu kichwani, papo hapo. Waliokandwa kwanza shingo na mabega na wenzi wao, homoni ya msongo haikuwapanda sana, na mapigo ya moyo yalitulia zaidi. Waliopewa maneno ya faraja peke yake hawakupata nafuu hiyo!

Ohio, Marekani, wanandoa wa jozi 42 walitiwa malengelenge madogo mkononi, kisha wakazungumzia mambo wanayogombania. Unajua nini kilitokea? Vidonda vya wenye uhasama vilipona kwa asilimia 60 tu ya kasi ya wenzao. Ugomvi unaonekana mpaka kwenye ngozi!

Na hii je? Mwaka 1967 Wamarekani Holmes na Rahe walipanga matukio 43 ya maisha kwa uzito wake. Kufiwa na mwenzi, 100. Talaka, 73. Kufukuzwa kazi, 47. Kufunga ndoa, tena ile ya vigelegele? 50! Hata kurudiana baada ya kutengana kulipewa 45.