Programu isiyosomeka ni gharama kwa chama

KILA msimu wa korosho, mkulima wa Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, husubiri hesabu moja: kilo zake mara bei ya mnada, kisha makato yatolewe. Tangu stakabadhi ghalani ianze kutumika kwa korosho mwaka 2007, kumbukumbu za chama cha msingi, ghala na benki hazina budi kulingana. Pale kazi hiyo inapofanywa kwa kompyuta, mwenye fedha zake anapaswa kujua ni nani anayeweza kusoma maelekezo yaliyomo ndani ya programu.

Tuchukue mfano. Kilo 500 kwa Sh. 2,000 ni Sh. 1,000,000. Makato yakiwa Sh. 150 kwa kilo, jumla Sh. 75,000, mkulima hubakiwa na Sh. 925,000. Katika lugha ya Java hesabu hii yaweza kuandikwa kwa herufi tatu tu: k, b na m. Kompyuta haitatatizika. Lakini mtaalamu atakayekuja mwakani hatajua kama m ni makato, mkopo au malipo.

Rekebisho lenyewe ni dogo. Herufi m hupewa jina makatoKwaKilo, na tarakimu 150 iliyotawanyika sehemu tatu huwekwa mahali pamoja. Jibu halibadiliki hata senti moja. Faida huonekana viwango vinapobadilika. Makato yakipanda hadi Sh. 160 na sehemu moja ikasahauliwa, hati ya malipo itaonyesha Sh. 925,000 huku benki ikilipa Sh. 920,000. Tofauti ya Sh. 5,000 kwa wakulima 400 ni mgogoro wa Sh. 2,000,000.

Kwa programu huria uzito huongezeka, kwani wanaozirekebisha hawakai ofisi moja. Apache Fineract, programu ya Java ya akaunti, akiba na mikopo, ilitokana na Mifos iliyoanzishwa na Grameen Foundation, na mwaka 2017 ikawa mradi kamili wa Apache Software Foundation. Leseni yake inaruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha bila ada. Hata hivyo, mtaalamu wa kuisoma halipwi sifuri. Kila saa anayopoteza akikisia maana ya herufi hugharimiwa na wanachama.

Usafishaji huu nao una hatari zake. Ufanywe kidogo kidogo, usichanganywe na mabadiliko ya viwango, na upimwe kwa hesabu za msimu uliopita. Majibu yasipolingana, kazi irudishwe. Wakati wake ni kabla ya minada kuanza. Mkorosho hupogolewa baada ya mavuno, haupogolewi ukiwa na maua.

Chama kinachotengenezesha programu kiweke sharti kwenye mkataba: mtaalamu wa pili, asiyeiandika, aisome na kueleza malipo ya mkulima mmoja yalivyopatikana. Akishindwa, fungu la mwisho la fedha lisubiri.